Moshi una Mwenyewe

Ndugu msomaji, nina swali moja, na naomba usilicheke kabla hujanisikiliza hadi mwisho. Je, mtu anaweza kumiliki kitu asichokielewa?

Jibu la haraka nalijua. Utasema, mbona anaweza! Kadi ya gari ina jina lake, funguo ziko mfukoni mwake, bima kalipa yeye, sasa unataka nini tena? Trafiki akikusimamisha Ubungo hakuulizi pistoni ni nini, anakuuliza leseni. Kisheria mambo yamekwisha. Lakini sheria ni mlango wa nyumba tu, na ndani kuna vyumba vingi. Mimi nataka tuingie ndani.

Swali hili sikulipata kitabuni. Nimelipata chini ya boneti ya pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1992, injini ya dizeli inayoitwa 2L, silinda nne, ujazo wa lita mbili na nukta nne. Mimi na kaka yangu tunaiendesha hapa Dar es Salaam mwaka wa sita sasa, tukihamisha watu vyombo: vitanda, makabati, friji, na yale magunia ya nguo ambayo kila familia inayo na hakuna anayekumbuka yana nini. Pikapu hiyo ndiyo inayolipa kodi ya vyumba viwili, ndiyo inayomsomesha mdogo wetu wa kike. Kwa hiyo nikisema injini usidhani naongelea mapenzi ya magari. Naongelea ugali.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana falsafa isiyojua inachokisema ni porojo. Injini ya petroli inawashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu, inaibana ndani ya silinda mpaka inakuwa ndogo mara ishirini na zaidi, na hewa ikibanwa kiasi hicho inapata moto. Umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono? Si uliona pampu inavyochemka kule chini? Basi ni hilo hilo, ila humu joto linapita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli, kama ukungu, kwa shinikizo la zaidi ya bari 100, wakati tairi la pikapu unalijaza bari mbili na ushee. Ukungu ule ukikutana na hewa ya moto unawaka wenyewe. Hakuna kiberiti. Kinachowasha ni kubanwa.

Aliyebuni jambo hili, Rudolf Diesel, alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Yeye hakuanza na chuma, alianza na kero. Injini za mvuke za zama zake zilikuwa zinatupa bure sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Aliomba hataza mwaka 1892, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, injini yake ilipimwa ikaonekana inageuza kama asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Unaona? Dizeli ilizaliwa kutokana na swali: kinachopotea kinakwenda wapi? Lishike swali hilo, tutalihitaji mbele.

Fundi aliyenifundisha ana gereji Tandale. Nikisema gereji naamanisha mwembe, benchi na boksi la spana. Siku ya kwanza nilifika nimekasirika. "Shikamoo fundi, gari limekataa kuwaka."

"Marahaba. Gari halikatai, dogo. Gari linakosa. Sema limekosa nini."

Sikuwa na la kusema. Akanihesabia kwenye vidole vyenye oili: hewa, mafuta, mbano na wakati. Hewa safi ya kutosha iingie. Mafuta safi yafike bila upepo ndani ya mipira. Mbano, yaani kompresheni, uwepo ili joto lipatikane. Na mafuta yapulizwe kwa wakati wake, si mapema, si kwa kuchelewa. Manne haya yakiwepo dizeli itawaka hata kama bodi imeoza na milango inafungwa kwa kamba. Moja likikosekana, hata uipake rangi ya harusi, haiwaki.

Tangu siku hiyo nikaanza kuisikiliza. Ikisumbua asubuhi lakini mchana inawaka bila tabu, unaangalia kwanza zile plagi za kupasha moto, ambazo mafundi wanaziita hita. Ikiwaka halafu ikazimika baada ya dakika moja, unashuku mpira unavuta upepo. Unabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, unajaribu tena. Ikikosa nguvu kwenye mlima wa Kimara, unafungua filta ya hewa kabla hujaisingizia pampu. Hii si elimu ya chuo kikuu, wala simtishi mtu. Ni mazungumzo tu. Lakini asiye na mazungumzo hayo anaishije? Leo ananunua nozeli, kesho pampu, keshokutwa anaambiwa "tushushe injini, bosi". Kila kisio analilipia yeye. Gari linakula, gereji inakula, mwenyewe anasukuma. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Na hapa mjini, asiyejua maana anauziwa maana, tena kwa bei ya juu.

Sasa, kuna rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi, nilipomweleza haya alinirukia. "Acha bwana! Wewe unajua simu yako inafanyaje kazi? Ukipanda ndege unaijua? Dawa ya malaria ukimeza, unajua inakwenda kumpiga nani na kwa rungu gani? Binadamu tunaishi kwa kuaminiana. Mshairi ashike kalamu, fundi ashike spana."

Hoja nzuri, na siku mbili nzima ilinilaza macho wazi. Ni kweli hakuna mtu anayeweza kujua yote, na anayejaribu kujua yote hatalala wala hatakula. Mimi mwenyewe kuchonga krankshafti siwezi, wala sitaki, kazi hiyo ina wenyewe. Lakini rafiki yangu amechanganya mambo mawili. Kuna kuelewa kwa fundi, ambako ni kuweza kutengeneza. Na kuna kuelewa kwa mwenye mali, ambako ni kuweza kuitwa ukaitika. Ndege siendeshi mimi, anayeitwa ni rubani na kampuni yake. Dawa naimeza mimi, tumbo ni langu. Lakini pikapu hii naiwasha mimi, kila asubuhi, katikati ya watu. Kinachotoka ndani yake hakiniingii mimi peke yangu.

Hapo ndipo tunafika kwenye moshi.

Nyumba tunayopanga ina uchochoro, na ubavuni mwa uchochoro kuna mama anakaanga vitumbua tangu alfajiri. Mkia wa pikapu ulikuwa unaangalia magoti yake. Tukiwasha, moshi mweusi unamfunika. Mama huyo hajawahi kulalamika hata siku moja. Anafunika beseni kwa pindo la khanga, anakohoa, halafu anasema, "Mungu awape riziki wanangu." Kwa kaka yangu, moshi wa gari ulikuwa kama vumbi la barabara: upo tu, ndiyo mji wenyewe.

Lakini fundi alikuwa amekwisha nifundisha kusoma rangi. Moshi wa bluu ni oili inaungua: inapenya kwenye ringi au kwenye valvu. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuwaka kwa sababu injini ni baridi au mbano umepungua, na pengine ni maji ya rejeta yameingia pasipo pake. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta imeziba, au nozeli haipulizi ukungu tena bali inadondosha matone, au kuna mtu ameifungulia pampu imwage zaidi ili apate nguvu. Sasa rudi kwenye lile swali la Rudolf Diesel. Kinachopotea kinakwenda wapi? Dizeli tuliyoinunua kwa jasho, ikashindwa kuwaka vizuri, inakwenda kifuani mwa muuza vitumbua. Mwezi wa Juni mwaka 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi la kwanza maana yake ushahidi unatosha, hawakisii.

Basi mtu akishayajua haya anafanyaje? Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu wengi hawapendi kuelewa. Kabla ya kujua, moshi ni hali ya hewa. Ukishajua, moshi ni tendo lako, kama tusi ulilolitoa kwa kinywa chako. Tulikaa na kaka tukahesabu. Nozeli nne na kazi ya kuzipima kwenye mashine ni fedha ile ile tuliyoweka kwa ajili ya kodi. Kaka akasema, na sikuweza kumlaumu, "Sisi ni maskini. Tajiri ndiye ana anasa ya kujali moshi." Nikamwambia, sawa, lakini yule mama ni maskini kuliko sisi. Umaskini wetu haukutupa kibali cha kuukohoza umaskini wa mwenzetu. Nozeli zikanunuliwa, mwenye nyumba akabembelezwa asubiri, na gari likahamia barabarani kwa kuwashiwa. Moshi haukwisha. Dizeli ya zamani haiwi marashi. Lakini ulipungua hadi ukawa kivuli, na dizeli ya siku moja ikafika siku moja na nusu.

Hebu sasa tuulize kwa upande wa pili: asiyejua, je, hana hatia?

Kwenye dashibodi ya Hilux hii kuna mahali pa taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Taa hiyo huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe, kwa sababu mkanda huo ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Tulipofungua dashibodi mwaka wa kwanza tulikuta taa hiyo haina balbu. Haikuungua. Ilitolewa. Mmoja wa waliomiliki gari hili kabla yetu aliona taa imewaka, akaelewa inachosema, akaipofua. Huyo huwezi kumwita mjinga. Alikuwa anajua kiasi cha kutosha kutotaka kujua zaidi. Basi naona kutojua kuko kwa aina mbili: kwa yule ambaye hakuna aliyemwambia, na kwa yule aliyetoa balbu. Wa kwanza tumfundishe. Wa pili anajibu kama aliyejua, maana alijua.

Tena kuna aina ya tatu, mbaya zaidi: kumtolea mwenzako balbu. Pampu ya dizeli ya gari kama hili inalainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma, haina oili nyingine. Ukichanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo ni makavu, pampu inajisaga yenyewe kimya kimya. Wauzaji waliochanganya walilijua hilo. Aliyejaza tangi hakulijua. Mchezo huo ulienea hapa nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Na usidhani ni ujanja wa uswahilini tu. Septemba 2015 ilifichuka Marekani kwamba Volkswagen waliweka ndani ya magari yao ya dizeli programu ya kompyuta inayotambua kuwa gari linapimwa. Likipimwa, linakuwa mtakatifu. Likirudi barabarani linatoa gesi za naitrojeni kupita kiwango mara nyingi. Magari kama milioni 11 duniani. Wenye magari hayo walikuwa na kadi, na wengi waliyanunua wakiamini wanaokoa hewa. Hawakujua, na kwa macho yao wasingeweza kujua. Hapo sithubutu kuwahukumu. Hatia huenda kule ujuzi uliko. Pikapu yangu kuukuu angalau haijui kusema uongo. Ikiugua, inatoa rangi hadharani.

Lakini mwenye pikapu anaweza kuifundisha uongo. Nakuja kwenye jambo lililotugawa nyumbani mpaka leo.

Mwaka juzi tulitaka kuuza. Injini ilikuwa imeanza kutoa moshi wa bluu, ringi zimechoka. Akapatikana mteja, mkulima wa mpunga kutoka Ifakara, mtu mpole, fedha anazo. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa mjini, akatuita pembeni. "Wanangu, wekeni oili nzito. Moshi utatulia wiki mbili. Ndani ya wiki mbili gari liko Ifakara."

Nikamwambia, "Baba mdogo, injini itamfia shambani."

"Yeye ni mtu mzima. Ana macho. Mwambie aje na fundi wake. Biashara ndivyo ilivyo, anayenunua ndiye anayepaswa kuangalia. Na ninyi mlipouziwa, nani aliwaambia habari ya balbu?"

Msomaji, swali la mwisho lile ni zito. Kwa nini mnyororo wa ukimya ukatikie mkononi mwangu, tena kwa hasara yangu? Nimelifikiri sana. Jibu langu ni kwamba mkulima yule angeweza kuja na fundi wa kuangalia gari, lakini oili nzito isingewekwa gari lisiwake vizuri wala lidumu. Ingewekwa ili macho ya fundi huyo yasione. Hiyo si kukaa kimya. Ni kutoa balbu kwenye jicho la mtu. Na kama mimi nisingejua ringi ni nini ningeweza kuuza kwa moyo mweupe. Nilikuwa najua. Ujuzi ule ule ulioniokoa mara kumi chini ya mwembe wa Tandale sasa ulikuwa unanidai.

Tukamwambia mteja. Akasikiliza, akashukuru, akasema atafikiri. Hakurudi. Baba mdogo tangu siku hiyo ananiita "Mtakatifu", na halisemi kwa wema. Ada ya mdogo wetu muhula ule tuliikopa. Ringi tulizibadilisha miezi mitano baadaye, kwa kubana kila kitu, ikiwemo matumbo. Sikuelezi haya ili unipigie makofi. Nakueleza ili ujue kuwa kuelewa kuna bei, na asiyetaka kukuambia bei hiyo anapokuhimiza usome naye anakuficha kitu.

Bado kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba chombo kama hiki kisingestahili kuwa barabarani kabisa, kwamba cha kufanya ni skrepa tu. Anayesema hivyo ana haki nusu. Ipo siku mbano utaisha, moshi hautasikia dawa tena, na siku hiyo kuendelea kuliwasha kwa kisingizio cha ugali itakuwa ni kula kifua cha mtu. Lakini siku hiyo nitaijuaje kama sijui kusoma rangi? Asiyeelewa gari lake hajui kulitunza, na pia hajui lini aliache. Ndiyo maana tunalo daftari dashibodini: tarehe ya oili, filta, mkanda, nozeli, ringi, na moshi ulivyokuwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku tutakapouza, daftari litakwenda na gari. Na T-BELT tumeirudishia balbu yake.

Narudi kwenye swali. Kadi ya gari inaonyesha tu jina la mtu wa kumwita. Haionyeshi kama ataitika. Mimi nasema mwenye kitu ni yule anayeweza kujibu kwa ajili ya kitu hicho, na kujibu hakuwezekani bila kuelewa japo kidogo. Rafiki yangu mshairi bado hakubali. Anasema nimeweka mzigo mzito mno juu ya watu ambao tayari wamebeba mingi, na kwamba muuza vitumbua angefaidika zaidi na serikali inayopima moshi kuliko na vijana wawili wenye daftari. Huenda tunahitaji vyote viwili. Mwenye hoja tofauti aandike, kurasa hizi ni zetu sote.

Ila kabla hujashika kalamu, tafadhali, nenda kawashe hicho ulicho nacho, pikipiki, jenereta, gari la mjomba, halafu zunguka nyuma uangalie kinachotoka kina rangi gani, na nani amekaa pale.